Glencolumbkille: kijiji ambacho vijana walikuwa wanakikimbia

Wandugu, kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wenye lisanse wapya, na kila mwaka ulizo ni lile lile: tunarudi kijijini ama tunabaki mjini? Mtu akirudi, watu wanamtazama sawa vile ameshindwa. Akibaki mjini, anazunguka na bahasha yake ya diplome miaka mitatu, minne. Mimi ni agronomu, kwa hiyo ulizo hilo linanigusa mara mbili, maana kazi niliyosomea iko paka kijijini.

Leo sitaki tuanze na vijiji vyetu wenyewe. Tukianza pale, baada ya dakika tano tunakuwa tunalaumu Leta na vita, na mazungumzo yanaishia hapo. Nataka tutazame kijiji kimoja cha mbali, chenye watu mia chache tu, ambacho kilipoteza vijana wake kwa zaidi ya miaka mia moja. Kinaitwa Glencolumbkille, na kiko Ireland. Sijafika huko. Nilikisoma kwa sababu ya historia ya viazi, nikabaki nacho kwa sababu ya mambo mengine.

Iko wapi

Ireland ni kisiwa upande wa magharibi wa Uingereza. Sehemu kubwa ni jamhuri huru. Kipande cha kaskazini-mashariki kilibaki chini ya Uingereza. Kwetu Congo nchi hiyo haiko ngeni kabisa. Askari wa Ireland walikuja Katanga na Umoja wa Mataifa mwaka 1960. Tisa kati yao waliuawa Niemba tarehe 8 Novemba 1960, na mwaka 1961 kundi lingine lilizingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Hata Roger Casement, ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilifunua mateso ya babu zetu chini ya Leopold II, alizaliwa karibu na Dublin.

Glencolumbkille iko katika jimbo la Donegal, kwenye pembe ya kusini-magharibi, pale nchi inapoishia na bahari ya Atlantiki inapoanza. Kwa Kigaeli jina lake ni Gleann Cholm Cille, maana yake bonde la Colm Cille. Colm Cille, ama Columba, ni mtakatifu wa karne ya 6. Kila mwaka tarehe 9 Juni, siku yake, watu wanazunguka bonde wakipita vituo 15 vya sala, wengine miguu peku. Kati ya vituo hivyo kuna mawe yaliyochongwa misalaba zamani sana. Na katika bonde hilo hilo kuna makaburi ya mawe makubwa yenye zaidi ya miaka 5,000. Kwa hiyo watu wameishi pale siku nyingi. Si mahali ambapo maisha hayawezekani.

Lakini maisha yake ni magumu, na hapa njo nianze kuongea sawa agronomu. Udongo mwingi wa pale ni mboji ya majimaji, ile ambayo inatokea wakati majani yanakufa mahali penye maji na hayaozi vizuri. Ni udongo wenye asidi, hauna chakula cha kutosha kwa mimea. Mvua inapita milimita 1,000 kwa mwaka. Wewe wa Bukavu utasema hiyo si kitu. Lakini huko inaanguka kidogo kidogo, mwaka mzima, na jua ni dogo, basi ardhi haikauki. Tena kuna upepo wa bahari. Nyumba za zamani zilifunikwa kwa majani, na paa ilifungwa kwa kamba kwenye vijiti vya mawe vilivyotoka ukutani, ili upepo usiibebe.

Watu walijua namna ya kuishi na udongo huo. Walikata mboji yenyewe, wakaikausha, wakaitumia sawa sisi tunavyotumia makala. Walibeba majani ya bahari kutoka pwani, wakayaweka shambani kuwa mbolea. Walipanda viazi kwenye matuta mapana ili maji yashuke pembeni. Kwenye vilima vya Ireland magharibi alama za matuta hayo zinaonekana mpaka leo, mahali ambapo hakuna mtu analima tena.

Kwa nini watu walianza kuondoka

Ninaposema viazi ninasema vile vya mviringo, vile ambavyo vinashuka toka Masisi na Lubero mpaka sokoni Goma. Katika karne ya 19 maskini wa Ireland walikula viazi karibu kila siku. Nafaka na ng'ombe vilikuwepo, lakini viliuzwa ili kulipa kodi ya shamba kwa mwenye ardhi. Na wengi walipanda aina moja tu ya kiazi, iliyoitwa Lumper, kwa sababu ilizaa sana hata kwenye udongo mbaya.

Kila mwanafunzi wa kilimo anajua hatari yake. Kiazi hakipandwi kwa mbegu ya ua. Unakipanda chenyewe, basi shamba lote linakuwa sawa mmea mmoja. Ugonjwa ukiweza kuua kimoja, unaweza kuua vyote. Mwaka 1845 mildiu ilifika, ile ile ambayo wakulima wetu wa Kivu wanaijua wakati wa mvua nyingi. Mashamba yalioza. Mpaka mwaka 1852 watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni moja waliondoka. Mwaka 1841 kisiwa chote kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Leo, karibu miaka mia mbili baadaye, bado hakijarudia hesabu hiyo.

Njaa iliisha, lakini kuondoka hakukuisha. Kukageuka desturi. Donegal ilituma watu Uskoti kila mwaka kuchimba viazi vya wengine. Watoto wa maskini walipelekwa kwenye masoko ya kuajiri, mwenye shamba akiwachagua kwa miezi sita. Wengine walienda Marekani bila kurudi. Usiku wa kumuaga anayeenda Marekani ulifanywa sawa kilio: watu wanakesha, wanakula, wanaimba, wanalia, maana mama alijua hatamwona tena. Mtu yuko mzima, lakini wanamlilia.

Hebu fikiri kijiji ambacho kwa miaka mia moja kinazaa vijana ili kuwatuma nje. Pesa zinarudi, ndiyo. Barua zinarudi. Lakini nani atatengeneza mfereji? Nani ataoa? Nani ataweka watoto kwenye masomo? Shule inapungua, kisha duka linafungwa, kisha hata yule ambaye alitaka kubaki anaona hakuna sababu. Sisi tunasema vijana wanaondoka kwa sababu kijiji ni maskini. Inafika siku ambapo kijiji ni maskini kwa sababu vijana wameondoka.

Padri na mambo matano

Mwaka 1951 alifika padri mpya, James McDyer. Alizaliwa mwaka 1910, palepale Donegal. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Uingereza na baadaye kwenye kisiwa cha Tory. Wahamiaji aliwaona kule wanakofika, siyo tu pale wanapotoka.

Alikuta kijiji hakina mambo matano: umeme, maji ya robine, barabara nzuri, kazi ya kiwanda, na dispansere. Haya matano ukiyasoma haraka unaweza kudhani ni ripoti ya kijiji chetu chochote.

Sasa angalia alianzia wapi. Hakuanza na kiwanda. Alianza na ukumbi. Watu wenyewe waliujenga kwa mikono yao. Mara ya kwanza niliposoma hilo nilisema, ukumbi unalisha nani? Lakini kuna hesabu ndani yake. Kijana haondoki paka kwa sababu ya njaa. Anaondoka pia kwa sababu jioni hakuna kitu, hakuna mahali pa kucheza, pa kukutana na msichana, pa kubishana. Tena jambo la pili: watu ambao wamejenga nyumba moja pamoja na ikasimama wataamini kwamba jambo la pili pia litawezekana. Ukumbi ulikuwa zoezi.

Kisha umeme. Tangu mwaka 1946 Leta ya Ireland ilikuwa inapeleka umeme vijijini, na ilitazama kwanza maeneo ambako nyumba nyingi zimekubali kujiandikisha na kulipa. Kijiji ambacho watu wake hawakubaliani kinabaki nyuma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya umeme haikuwa nguzo wala waya. Ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuongea na wazee ambao waliogopa bili. Kisha wakaendelea kuisumbua Leta juu ya maji na barabara. Hawakungoja mradi ushuke toka juu, lakini hawakuiachilia Leta pia. Walidai. Kwetu mara nyingi tunachagua moja: ama tunangoja Leta na ONG, ama tunasema tutafanya sisi wenyewe na hatudai chochote. Wao walishika yote mawili.

Koperative na mboga

Baada ya huduma njo ikaja kazi. Ireland ilikuwa tayari na desturi ya koperative. Ile ya kwanza ya maziwa ilianza mwaka 1889 katika kijiji cha Dromcollogher, kusini. Glencolumbkille walichukua namna hiyo: watu wananunua hisa, wanakuwa wenye mali pamoja. Kulikuwa na kazi ya kusuka sufi ya kondoo, na kazi ya kufuma nguo, ambazo Donegal inajulikana kwazo tangu zamani. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja koperative ya mboga, pamoja na kampuni ya sukari ya Leta: wakulima wanapanda, kiwanda kinatengeneza, kampuni inauza.

Hapo agronomu ndani yangu anapata baridi. Mboga, kwenye mboji ya majimaji yenye asidi? Unaweza, ndiyo. Unachimba mifereji, unaweka chokaa, unaweka mbolea. Lakini kila kilo inakugharimu kuliko inavyomgharimu mkulima wa udongo mzuri wa mashariki, ambaye pia yuko karibu na soko. Unaweza kushinda udongo mwaka mmoja. Kuushinda kila mwaka, na bei ikishuka, ni vigumu. Mboga hazikudumu. Kitu ambacho kilidumu ni samaki, na hiyo haishangazi: bahari iko mlangoni, na bandari kubwa ya uvuvi ya Killybegs iko karibu. Kazi ya kutengeneza samaki imeendelea katika eneo hilo.

McDyer alikuwa pia na wazo kubwa zaidi: wakulima wadogo waunganishe mashamba yao, walime sawa shamba moja. Likabaki kwenye karatasi. Ardhi ambayo babu wa mtu aliilipia kodi kwa njaa, mtu huyo haiachilii kirahisi, hata padri akimwomba.

Ninaandika hili kwa sababu hapa kwetu mradi ukifa tunasema kijiji kimekufa nao. Kule mradi wa mboga ulikufa, kijiji hakikufa, kwa sababu hawakuwa wameweka kila kitu juu ya mboga. Kulikuwa na sufi, kulikuwa na nguo, kulikuwa na samaki. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna agronomu angelipendekeza.

Nyumba za babu zikageuka mali

Mwaka 1967 kijiji kilifungua makumbusho. Usifikiri jengo kubwa la vioo. Ni nyumba ndogo za majani, zilizojengwa na watu wa palepale kwa mfano wa nyumba zao za karne ya 18, ya 19 na ya 20. Ndani wakaweka vyombo vya kweli, ambavyo familia zilikuwa navyo: vitanda, vyungu, vyombo vya shamba na vya kusukia. Watu waliotaka kutupa vitu hivyo kwa aibu sasa walikuwa wanavionesha kwa mgeni, na mgeni analipa. Kando ya hapo zikajengwa nyumba za kupangisha watalii, kwa umbo la zamani, mali ya jamii yenyewe.

Halafu lugha. Eneo hilo ni kati ya yale ambamo Kigaeli kimebaki lugha ya watu. Kwa muda mrefu Kigaeli kilionekana lugha ya umaskini. Mzazi aliyetaka mtoto wake aende Marekani alimtaka ajue Kiingereza. Mwaka 1984 ilianzishwa pale taasisi inayoitwa Oideas Gael, inayofundisha watu wazima Kigaeli na utamaduni wake. Watu wanatoka miji ya Ireland, Ulaya na Marekani, wanakaa wiki nzima, wanalala kwa wenyeji, wanakula, wananunua. Wengine ni wajukuu wa wale waliofanyiwa kilio wakiwa wazima. Wanalipa ili wajifunze lugha ambayo babu yao alifundishwa kuionea haya.

Wewe ambaye shuleni ulivalishwa alama shingoni kwa sababu umeongea Kishi ama Kinande, tafakari hilo kidogo.

Tusidanganyane

Sasa, sitaki mtu aseme nimeleta hadithi ya muujiza. McDyer alikufa mwaka 1987, na katika miaka hiyo ya 1980 vijana wa Ireland walikuwa wanaondoka tena kwa wingi, wa Glencolumbkille pia. Mpaka leo wengi wanaenda Dublin ama nje. Kijiji ni kidogo, wazee ni wengi, na mtu wa kufuga kondoo pekee hawezi kuishi vizuri bila msaada. Ireland iliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, na tangu hapo mfugaji wa kilimani anapata malipo ya kilimo kutoka Ulaya. Mfugaji wa Minembwe ama Masisi hana hayo. Tena kule hakuna mtu anayeamka usiku kukimbia risasi. Tofauti hizi ni kubwa, na mtu akisema tuige tu kila kitu, anatudanganya.

Lakini kuna jambo moja ambalo halitegemei Ulaya. Ile ya kuanza na mahali pa kukutana, kisha huduma, kisha kazi nyingi ndogo ndogo ambazo wenyeji wana hisa ndani yake. Kwetu utaratibu unageuzwa. Mradi unakuja na zao moja. Mwaka huu ni kahawa, mwaka kesho ni soya, kisha ni miti. Watu wanapewa mbegu kabla hawajaulizwa barabara iko namna gani na nani atanunua. Miaka mitatu baadaye mradi unafunga biro, kibao kinabaki barabarani kikila kutu, na kijana aliyekuwa animateri anapanda motari kwenda mjini.

Jambo la pili ni juu yetu sisi wenye lisanse. Katika historia hii agronomu hakuwa wa kwanza kufika. Aliyefika kwanza ni mtu aliyekaa. Miaka zaidi ya thelathini, mahali pamoja, akikosea na kuendelea. Kama kungekuwa na agronomu karibu naye wa kusema mapema, "Padri, udongo huu ni wa kondoo na majani, mboga tuzipande kidogo tu," labda jasho mingi lingeokolewa. Na kama kungekuwa na agronomu peke yake, bila yule wa kukusanya watu kwenye ukumbi, ripoti yake nzuri ingebaki kwenye kabati. Masomo yetu yanahitaji mtu wa namna hiyo. Wakati mwingine atakuwa padri ama pasta, wakati mwingine mwalimu, wakati mwingine mama wa kikundi cha akiba ambaye hajafika hata sekondari lakini watu wote wanamsikiliza.

Basi sisemi turudi wote kijijini kesho. Kurudi bila barabara, bila umeme, bila usalama, ni kuomba kijana ajitoe sadaka. Ninasema tu kwamba swali letu tunaliuliza vibaya. Badala ya kuuliza "nani atarudi?", tuulize kijiji chetu kinakosa mambo gani matano, lipi kati yake watu wenyewe wanaweza kuanza mwezi huu, na lipi ni la kudai kwa Leta mpaka litoke.

Mimi kwetu nimeshaandika yangu matano. La kwanza si mbegu. Ni daraja la miti ambalo mvua ya kila mwaka inalibeba, na bila hilo hata kilo moja ya maharagi haifiki sokoni. Yako ni yapi?